Siku Majongoo Walipoibeba Nyumba ya Nyamizi

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Chibago alitoka uani, akashika kiuno na kumtukana jirani yake.

"Wewe pagazi! Umeamka, au bado umelala na mizigo ya watu kichwani?"

Upande wa pili wa ua wa mabua, sufuria ililia, mtu akakohoa, na sauti ya Nyamizi ikaja imekwishanolewa.

"Nimeamka, mtumwa wangu. Nilikuwa nangoja harufu ya mlenda initoe kitandani, leo imechelewa. Nikasema labda umekufa."

"Nife nikuachie nini? Mwiko wa mke wangu si umeshauchukua?"

"Na siurudishi!"

"Mwizi!"

"Njoo uuchukue, kama una miguu!"

Juu ya milango yao miwili, zile punje za kioo ambazo Mpimaji, mashine inayopanga mji, alizipachika katika kila nyumba ya Makutano Mapya zilibadilika kutoka kijani hadi nyekundu. Hakuna aliyeziangalia. Chibago alichukua nyundo na patasi, akaketi chini, akaendelea kukata matairi ya kutengenezea viatu vya katambuga. Moyo wake ulikuwa mweupe. Ameamka, ametukana, ametukanwa. Siku inaweza kuanza.

Yeye ni Mgogo, Nyamizi ni Mnyamwezi, na makabila hayo yametaniana tangu misafara ya miguu ilipokuwa ikipita katika nchi kavu ya Ugogo na kuomba maji. Mtani wako anakutukana bila kukukosea. Anaingia kwako bila kubisha hodi. Na siku ya msiba, yeye ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa anatakiwa afanye watu wacheke wakati kila mtu anataka kufa.

Siku walipomzika Perisi, mke wa Chibago, Nyamizi alivaa koti la mfiwa, akabinua mdomo na kulia kama yeye, kwa ule mkwaruzo wake wa mbuzi mwenye kikohozi. Kisha akashuka kaburini na khanga yake, akajilaza, akasema Perisi haingii humo mpaka mtani apewe haki yake. Wakambembeleza. Akakataa. Mwishowe akatoka, akaenda moja kwa moja jikoni, akachomoa mwiko wa Perisi, ule uliokuwa umekula moshi mpaka ukawa mweusi kama kisigino, akarudi nao kaburini, akasema huu ni wangu na asiyetaka anishtaki. Chibago, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu mkewe akate roho, alicheka mpaka akakaa kwenye udongo wa kaburi. Hapo ndipo alipojua kuwa msiba ule hautamuua.

Mpimaji naye aliyasikia yote. Aliandika: wizi msibani, vurugu makaburini.

*

Asubuhi ile ya kugombea mwiko, Chibago akiwa bado anakata matairi, punje ya mlangoni kwake ikasema. Ilikuwa na sauti ya mwanamke mwenye adabu, sauti ya mtu ambaye hajawahi kuchelewesha chakula.

"Habari za asubuhi, mkazi Chibago. Mpangilio wa mwaka huu umekamilika. Kutokana na ugomvi wa muda mrefu, nyumba ya mkazi Nyamizi itahamishiwa ng'ambo ya korongo. Utapata jirani mpya mtulivu. Tunakutakia amani."

Nyundo ikamwangukia kidoleni. Akatukana, na safari hii hakuwa akimtania mtu.

Alivaa shati la kanisani, akapanda kilimani kwenye Ofisi ya Mpangilio. Njiani alipita nyumba za wakubwa, na kama kawaida alitema mate pembeni. Huko chini nyumba zote zilijengwa kwa mbao nyepesi na udongo, kila moja vipande viwili vilivyounganishwa katikati, ili kila mwaka baada ya mavuno majongoo wa chuma waweze kuingia chini yake na kuzibeba hadi popote Mpimaji atakapo. Nyumba za kilimani zilikuwa na misingi ya zege. Hakuna jongoo aliyewahi kuambiwa azisogeze. Waliotunga mji huu kwa imani kwamba mahali ndipo panapomfanya mtu awe alivyo, wenyewe walihakikisha mahali pao hapaguswi.

Afisa wa zamu aliitwa Eliwaza, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimpa kiti na maji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza ni nani amewaambia nyie kwamba mimi nina ugomvi."

Eliwaza hakubisha. Aligusa meza, na juu yake mji mzima ukatokea, mdogo kama ugali wa mtoto, nyumba zake zimefungwa kwa nyuzi nyembamba zinazong'aa.

"Chukulia kila uzi hapa ni mpira wa manati," alisema. "Ukienda kwa mtu, mpira unakaza, unavuta nyumba zenu zikaribiane. Ukimwazima chumvi, unavuta. Ukimpazia sauti mbaya, unageuka fimbo, unasukuma. Mpimaji anaiachia mipira yote kwa pamoja na kungoja itulie. Nyumba inapotulia, ndipo inapowekwa. Hayo tu. Miguu inavuta, sauti inasukuma."

"Na anayetukana kwa upendo?"

"Babu, mimi ni Mpare. Wachaga wananiita bahili tangu sijaota meno, na wameninyang'anya mpaka mkoba siku namzika mama yangu. Ninakuelewa. Mashine ndiyo haielewi. Waliokaa kuitunga walikuwa na vitabu vingi vya jinsi watu wanavyokaa, ila utani sijui walipitwaje nao."

"Hawakupitwa. Waliudharau. Kuna tofauti."

Eliwaza alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Kuna njia moja. Inaitwa kizibo. Ukiweka dole gumba lako kwenye kioo hiki, ukatamka kuwa yale ni utani, Mpimaji anaziba masikio, na nyekundu zote za mwaka zinafutwa. Nyamizi anabaki. Baraza limekubali, ila wamesema amri itakuwa moja kwa mji mzima. Wa kwanza akiweka dole, mlango umefunguka kwa yeyote mwenye kusema maneno hayo hayo. Hakuna wa kuwauliza maswali."

"Nipe hicho kioo."

Mkono wa Eliwaza ulibaki juu ya kioo. Wala hakuwa anamkatalia, alikuwa anafikiri.

"Majongoo wanaamka kesho kutwa. Una muda mpaka watakapoamka. Rudi nyumbani kwanza, babu, uangalie mtaa wako. Halafu njoo."

Chibago aliona anazungushwa kama walivyomzungusha kuhusu dawa za Perisi, njoo kesho, njoo kesho, mpaka kesho ikaja Perisi hayupo. Alisimama bila kuaga. Lakini mlangoni aligeuka.

"Nilipokuja na mke wangu hapa, mlituambia mtatuweka karibu na zahanati. Mpimaji wenu akaona hatuendi mara kwa mara, mkatusogeza mbali. Mtu mzima wa afya anaendaje zahanati?"

Eliwaza alivua miwani. Angalau hakutafuta jibu la uongo.

*

Habari mjini zina miguu mirefu kuliko majongoo. Chibago alipofika mtaani kwake, Gidioni, kijana aliyekaa nyumba ya tatu, alikuwa anamngoja njiani na tabasamu la meno yote.

"Mzee wangu! Nasikia unatuombea kizibo. Mungu akuzidishie."

"Wewe unakitakia nini? Una mtani gani?"

"Mke wangu! Mimi na Sesilia tunataniana sana, sema hili lidude halina akili. Mwaka mzima limenipigia nyekundu. Sasa ukiweka dole lako, na mimi nyuma yako naweka langu. Yaishe."

Sesilia alikuwa nyuma yake, anapanga kuni kwa mkono mmoja. Mwingine alikuwa ameuficha ndani ya khanga, na jua lilikuwa kali. Alimwangalia Chibago mara moja tu, akarudi kwenye kuni zake.

Chibago alijua, na mtaa mzima ulijua. Wakati wa mvua punje ya mlango ule ilipiga yowe hadi watu wakatoka na mienge, na aliyeingia wa kwanza alikuwa Nyamizi akiwa na mwiko wa Perisi mkononi, na aliyetoka wa kwanza alikuwa Gidioni akiwa ameshika sikio. Tangu siku hiyo punje haikunyamaza kuhesabu. Na sasa, katika Mpangilio wa mwaka huu, nyumba ile ilikuwa ichanwe katikati: kipande cha Sesilia kipelekwe kwa mama yake, upande wa visimani, Gidioni abaki na chake. Binti alikuwa akiwangoja majongoo kama watu wengine wanavyongoja mvua.

"Si ndiyo, mke wangu?" Gidioni alisema bila kugeuka. "Si tunataniana?"

"Ndiyo," alisema Sesilia.

Chibago aliendelea na njia. Nyuma yake alisikia Gidioni akipiga mluzi.

*

Jioni alienda kwenye ua. Hakushika kiuno.

"Nyamizi," aliita, kwa jina lake, na taratibu.

Sufuria ikawekwa chini upande wa pili. Kisha mabua yakasogezwa, jicho likatokea.

"Una homa?"

"Nimetoka ofisini kwao."

"Najua. Mji mzima unajua. Umeweka dole?"

"Bado."

Akamweleza. Yalivyokuwa, kizibo, Gidioni, mkono ndani ya khanga. Walikuwa wakinong'ona, na juu ya milango yao punje zilikuwa kijani, kijani tulivu, kijani cha kupendeza, na wote wawili walizitazama kwa chuki.

"Ona inavyofurahi," Nyamizi alisema. "Tukikaa kama maiti ndipo inatupenda."

"Niambie nifanyeje."

"Wee! Usinitwishe. Unasema mimi ni pagazi, lakini huo mzigo ubebe mwenyewe."

"Sitanii, Nyamizi."

"Na mimi sitanii." Alivunja bua moja la ua. "Nikihama, nitaamka namtukana nani? Huko ng'ambo watanipa Wanyamwezi wenzangu, wapole, wanasalimiana mpaka uji unapoa. Unafikiri nataka kuhama? Ila usiniulize, Chibago. Ukiniuliza nitasema nibaki, halafu kila nikimwona yule binti nitashindwa kula."

Alikaa chini, upande wake wa ua. Chibago naye akakaa upande wake. Migongo yao iligusana kupitia mabua.

Alikuwa na hasira, hasira ambayo haikuwa na mahali pa kutua. Walijenga mji wao, wakaweka masikio milangoni, wakashindwa kuyafundisha tofauti ya mtu anayetukana na mtu anayeumiza. Na sasa kosa lao wamelishusha, kutoka kilimani hadi bondeni, mpaka likatua kwenye dole gumba la mzee wa darasa la nne. Nyamizi au Sesilia. Chagua, babu. Sisi tuna kikao.

Lakini lile yowe la wakati wa mvua alilikumbuka pia. Angetaka kusema mashine ile haina faida yoyote. Asingekuwa anasema kweli. Usiku ule ni hiyo iliyowaamsha. Yeye mwenyewe alikuwa amelala fofofo hatua chache kutoka pale.

"Perisi angesema nini?" aliuliza.

"Perisi angekuambia uache kuuliza wanawake waliokufa na wanaohama, uende ukalale."

Alicheka. Hakutaka, ila alicheka. Na kicheko kilipokwisha, alikuwa ameshajua.

"Basi beba mizigo yako, pagazi," alisema.

Upande wa pili khanga ilikung'utwa vumbi. Kisha mkono ukapenya kwenye mabua, ukamfinya bega, kwa nguvu, mpaka akapiga kelele.

"Hiyo ni ya kuagana," alisema. "Mtumwa hapewi zaidi."

*

Majongoo waliamka jua likiwa limeshapanda. Ardhi ilitetemeka kwanza, kuku wakakimbia, halafu wakatokea barabarani, weusi, warefu, miguu yao ya chuma ikienda kama mawimbi ya mtama kwenye upepo. Watu walitoka na viti vyao kutazama, maana hata anayechukia Siku ya Mpangilio haachi kuitazama.

Wawili waliingia chini ya nyumba ya Nyamizi. Ikainuka bila kumwaga hata maji mtungini. Yeye alikuwa ameketi kizingitini, miguu inaning'inia, amevaa khanga mpya na kujipaka mafuta kama bibi harusi. Mkononi alikuwa na mwiko wa Perisi.

"Chibago!" alipaza sauti kutoka juu. "Angalia! Leo Mnyamwezi anabebwa!"

"Wamekosea! Walidhani ni gunia la viazi!"

"Kaa hapo ule vumbi! Na mwiko ndio huo unaondoka!"

"Mwizi! Mwizi wa mchana!"

Punje yake iliwaka nyekundu ya damu. Watu walicheka, akina mama wakapiga vigelegele, na nyumba ikaenda ikiyumba taratibu, sauti ya Nyamizi ikimtukana yeye, na mbuzi wake, na mababu zake kwa zamu, mpaka ikageuka konani na kubaki paa tu juu ya mapaa mengine.

Nyumba ya tatu ilitoa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Kipande cha Sesilia kilijitenga. Gidioni alibaki amesimama katika nusu yake, ukuta mmoja haupo, kitanda na bakuli lake la ugali vinaonwa na kila mpita njia. Alimtazama Chibago kwa macho ya kuua. Chibago hakumjali. Alimtazama Sesilia, ambaye hakupanda juu ya nyumba; alikuwa anatembea kando yake kwa miguu, kiganja kimegusa ukuta, kama mtu anayempeleka ng'ombe wake nyumbani. Alipompita Chibago, alisimama.

"Babu, ungeweza kuweka dole," alisema.

"Nenda kwa mama yako, mjukuu wangu. Jongoo hasubiri."

Akaenda. Mkono wake ulikuwa nje ya khanga.

*

Jirani mpya aliitwa Bwana Mwakatobe, mstaafu, mtu safi.

"Shikamoo, mzee," alisema kutoka uani kwake.

"Marahaba."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

Kijani. Basi. Bwana Mwakatobe aliingia ndani na kufunga mlango kwa upole mkubwa. Chibago alibaki uani na maneno mdomoni, makavu, hana pa kuyatemea. Siku ya kwanza alikata tairi vibaya. Ya pili hakuamka mpaka jua lilipomchoma. Alijiona anarudi pale, kwenye udongo wa kaburi, na safari hii hakuna wa kuvaa koti lake.

Siku iliyofuata alichagua katambuga mpya, nzito, za tairi la lori, akazifunga vizuri.

Mji ulikuwa umebadilika na alipotea mara mbili. Penye kinyozi palikuwa na mashine ya kusaga. Msikiti ulikuwa palepale, na kanisa palepale. Vitu hivyo wakubwa walikuwa wameviogopa. Watu walimsalimia, akawajibu, wakamuuliza anaenda wapi na jua hili, akasema anaenda kudai mali yake. Alishuka korongoni, mchanga ukamwingia vidoleni, akapanda ng'ambo huku magoti yanalia. Alikuwa anapita visimani alipomwona Sesilia, yuko na mama yake, wanabishana kuhusu ndoo nani abebe. Hakuwaita.

Nyumba ya Nyamizi ilikuwa ya mwisho kabisa, mlango unatazama pori. Yeye alikuwa nje, anapepeta, na alivyokuwa anapepeta ni kama mtu anayepepeta upepo. Aliinua kichwa. Ungo ukasimama hewani.

Chibago alishika kiuno, kwanza kwa sababu alikuwa hoi.

"Wewe pagazi! Ulisema nije kama nina miguu!"

Nyamizi aliziangalia zile katambuga mpya. Aliweka ungo chini, akaingia ndani haraka, akatoka na mwiko. Macho yake yalikuwa yanameremeta na alikuwa anajifanya ni pumba.

"Chukua," alisema kwa upole, akiunyoosha kwake kwa mikono miwili. "Umetembea jua lote hili, mtu mzima. Perisi angenisema. Chukua, mwenzangu. Yaishe."

Mpini ulikuwa na alama ya kidole cha Perisi, palepale, shimo dogo alilolichimba kwa miaka ya kusonga ugali. Chibago aliutazama. Akaugusa kwa ncha ya kidole chake.

Kisha akarudisha mkono mfukoni.

"Nani kakuambia nimekuja kuuchukua?"

"Si umesema—"

"Nimekuja kuudai. Nikiuchukua leo, kesho nitakuja kufanya nini huku porini? Kuangalia sura yako?"

Nyamizi alimtazama mpaka akaelewa. Alipoelewa, aliuvuta mwiko kifuani, akanyanyua kidevu, na sauti yake ikatoka yote, ile ya zamani, ya kuwaamsha kuku wa mtaa wa pili.

"Basi hupati, mla mlenda! Utakuja mpaka katambuga ziishe!"

"Ninazitengeneza mwenyewe! Mwizi!"

"Mtumwa!"

Juu ya mlango punje iliwaka nyekundu, ikawasukuma mbali. Na chini, kwenye vumbi, nyayo za matairi ya lori zilikuwa zimetoka ng'ambo ya mji mpaka pale mlangoni, zikiwavuta. Mpimaji na apige hesabu yake, na wakubwa wake wamsaidie.

"Kuna uji?" Chibago aliuliza.

"Wa watumwa upo," alisema Nyamizi, na kumsogezea kigoda.